Nyuzi Zisizochunika

Jumanne, Ruring'u. Baridi ya Julai imekaza na manyunyu hayajakatika tangu asubuhi. Naandika kwenye simu, herufi zikiwa kubwa kama ngumi. Moyo umenivunjika, na sioni haja ya kuficha.

Kazi yangu ni kufuma sweta za shule, mimi na dadangu Wambui, kibanda kimoja, mashine mbili. Jicho la kulia lilitobolewa na kijiti nikiwa mtoto, tukipasua kuni. Hili la kushoto ndilo limenilisha.

Lilipoanza kuuma na kuwa jekundu nililaumu moshi wa jikoni. Kisha nikaona nyuzi juu ya kila sweta. Nikazichuna, nikachuna tena, hata nikamgombeza bure muuza uzi wa Karatina kwamba uzi wake unatoa manyoya.

Kumbe nyuzi zilikuwa ndani ya jicho langu.

Leo hospitalini daktari wa macho ameliangalia kwa taa yake. Akanieleza kwamba jicho limejaa ute mwangavu, kama ule wa yai bichi, na kwamba ndani ya ute huo mna nyuzi nyembamba na kamfereji ambavyo kwa mtu mzima wa afya havionekani. Uvimbe umevichafua, sasa vyote viko wazi. Akawaita wenzake.

"Kujeni muone, hii hatuonangi kila siku."

Walipokezana kuchungulia. Mmoja akasema ni maridadi.

Maridadi! Nilitamani kumzaba kofi.

Dawa zitatuliza uvimbe, akasema, lakini nyuma ya jicho kumeshaharibika. Mwanga nitauona. Tanzi la uzi kwenye sindano, nisahau. Nililia palepale kitini, bila haya.

Jioni nikarudi kwenye mashine kwa ukaidi tu. Nikafuma mkono mmoja wa sweta kwa kupapasa, nikampa Wambui.

"Iko sawa kabisa, Njeri," akasema. "Enda ukunywe chai, itapoa."

Nikaenda nyuma ya pazia na kikombe changu. Hapo ndipo nikasikia sauti ninayoijua kuliko sauti ya mtu yeyote: uzi ukifumuliwa polepole, mstari kwa mstari, kwa uangalifu ili nisisikie.

Nilikunywa chai yote nikijifanya sijui. Kesho nimwambie kwamba nilisikia, au nimwache aendelee kunipenda hivyo?