Mwanangu Sasa Anasoma, Bibi Yake Anataka Sindano Ziishe

Bi Matalena, dada wa sisi tusio na pa kusemea, nisaidie kabla sijapasuka, maana nina furaha ambayo sijaipata tangu nijifungue, na katikati ya furaha hiyo hiyo kuna vita nyumbani kwangu, na nikiangalia vizuri naona chanzo cha vita hiyo ni mimi mwenyewe.

Binti yangu Salafai ana miaka saba. Alipokuwa na mitatu goti lake la kushoto lilivimba, asubuhi anaamka anachechemea kama kikongwe, mchana anacheza, tukadhani ameanguka, mama mkwe wangu Bibi Siaunofo akamkanda kwa mafuta ya nazi wiki tatu na uvimbe haukushuka, ndipo hospitali wakatuambia ni baridi yabisi, ndiyo, hata watoto wanaipata. Walimpa dawa, goti likapoa, na daktari akanisisitizia jambo moja: ugonjwa huu wa viungo hupenda kuingia ndani ya macho kimyakimya, jicho haliwi jekundu, haliumi, halitoi tongotongo, kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu nivuke na feri niende mjini Apia, kisiwa cha pili, mtoto akaangaliwe kwa ile mashine yenye taa. Nikasema sawa daktari, na miaka mitatu nilivuka bila kukosa.

Sasa naungama. Kuanzia mwishoni mwa mwaka jana nilikosa safari mbili mfululizo. Ya kwanza iliangukia wiki ya mazoezi ya Jumapili Nyeupe, ile sikukuu yetu ya watoto kanisani, nashona nguo za watoto wa ukoo mzima, nikasema jicho lenyewe jeupe pee, goti zima, ya nini kusumbuka, na ya pili sikuwa hata na sababu. Hospitali niliwaambia bahari ilichafuka, nyumbani nikasema wamesogeza tarehe. Kilichozidi kunitia ujinga ni kwamba muuguzi alikuja shuleni na ule ubao wa herufi, Salafai akazitaja zote bila kukosea, na Jumapili Nyeupe yenyewe akasimama kanisani na gauni lake, karatasi mkononi, akatoa aya saba bila kukwama mpaka mke wa mchungaji akatokwa na machozi, sasa mimi ni nani nishuku macho yake?

Lakini Bi Matalena, unatujua sisi. Aya watoto wetu wanazipata kwa sikio, bibi anasema, mtoto anarudia, hivyo hivyo mpaka zikae kichwani, na karatasi ni pambo tu. Ule ubao wa herufi nao, kumbe Salafai alikuwa wa tisa kwenye mstari, akawasikiliza wanane waliomtangulia, akazikariri zote! Mwezi wa pili mwaka huu Mwalimu Fuatino akampa kitabu asome mbele ya darasa, akasoma kwa madaha, kidole kinapita juu ya mistari, mwalimu akamwambia, "Salafai, hiyo ya kasa tulisoma jana. Ya leo ni ya pweza." Darasa zima likaangua kicheko, mwanangu akalia, na kesho yake alfajiri tulikuwa kwenye feri.

Daktari alikaa muda mrefu kwenye mashine, na alipoinua uso hakunigombeza, hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Macho yote mawili yalikuwa yamevimba kwa ndani, mboni ya kulia imeshikamana, haina duara tena, akaniambia tungechelewa zaidi asingekuwa na cha kuniahidi. Nikamuuliza Salafai, mwanangu, mbona hukusema kwamba huoni? Akanijibu, "Mama, nilidhani watu wote wanasoma kwa masikio." Nilitoka nje nikalia mpaka wagonjwa wengine wakaniletea maji.

Tukaanza matone, mwanzo kila saa, mchana kutwa, nikiwa sokoni natembea na kichupa ndani ya khanga, na sindano kila Ijumaa, na Jumamosi mtoto anatapika, hataki hata kunusa magimbi. Miezi saba, Bi Matalena! Jumatano iliyopita daktari akachungulia la kushoto, akachungulia la kulia, akasema, "Pametulia. Safi." La kulia limebaki na kovu dogo lakini ubao wa herufi, na safari hii alikuwa peke yake chumbani, alisoma akaishia mstari wa mwisho kabisa. Kurudi kwenye feri alisoma kila kitu, alisoma usivute sigara, alisoma makoti ya kuokolea yako chini ya kiti, alisoma pakiti ya biskuti kwenye mapaja ya mzee mmoja tusiyemjua, mpaka mzee akaniuliza, "Mama, huyu anazimwa wapi?" Nikacheka huku machozi yananitoka.

Tulipofika nyumbani bibi yake alimkumbatia, akaimba, akachinja nguruwe, halafu akatangaza kwamba Jumapili Nyeupe ya mwezi ujao atasimama kutoa ushuhuda kwamba maombi yamemponya, na kuanzia siku hiyo sindano basi. "Mguu unaruka kamba, jicho linasoma, sindano ya nini tena? Unamtibu mtoto au unamtibu daktari?" Nikamwambia daktari amesema huenda ni miaka miwili ya utulivu kabla hata ya kufikiria kuacha, akanijibu, "Hao hao waliolala mpaka jicho likaharibika? Walikuwa wapi?" Mimi ninajua walikuwa wapi, walikuwa wananisubiri mimi, na hilo yeye bado hajui. Mume wangu Petaia anasema mtii mama, tusiharibu sherehe. Mimi nimefikiria kila Ijumaa nimpeleke mtoto kwa dada yangu nikamchome huko, nikisema tunaenda kwaya. Je, nitii, nigombane, au nidanganye?

Mama Salafai, Savai'i

BI MATALENA ANAJIBU

Mama Salafai, nilipofika pale kwenye pakiti ya biskuti nilisimama nikapiga vigelegele, mhariri akatoa kichwa mlangoni kuuliza nani ameolewa. Hongera, mama! Ulivuka bahari kesho yake asubuhi bila kungoja ruhusa ya mtu, ukatia matone miezi na miezi, na leo mtoto anawasumbua abiria kwa kusoma. Huo ni ushindi wako, na usimwachie mtu akupunguzie, hata mimi kwa haya yanayofuata.

Sasa kaa nikuseme. Sindano haziachwi. Si kwa Jumapili Nyeupe, si kwa Krismasi, si kwa nguruwe wa ukubwa wowote. Pametulia kwa sababu ya dawa, na daktari wa macho na wa viungo ndio watakaosema lini zipunguzwe. Kutapika nako mbona umekufanya siri? Mwambie daktari, kuna namna za kupunguza kichefuchefu. Na ile kwaya yako ya uongo nakukataza kabisa. Uongo ndio uliokufikisha hapa, bado hujashiba?

Mama mkwe wako si adui. Ni bibi anayemwona mjukuu wake akitapika kila Jumamosi, na anauliza swali la haki: jicho likionekana zima, dawa ya nini? Ni swali lile lile ulilojiuliza wewe mwaka jana ukabaki kushona. Tofauti yenu ni moja, wewe jibu unalijua na umelikalia. Huyo mama hatamwamini daktari kamwe wakati anaamini daktari ndiye aliyelala, na wewe unamwacha aamini hivyo kwa sababu unaona aibu. Aibu yako inataka kumlipisha mtoto, mama, na mtoto ana macho mawili tu.

Nilikupigia simu kukuuliza kama nibadilishe majina, ukalia, ukasema, "Acha yatoke." Vizuri. Basi gazeti hili linafika Savai'i Jumamosi, na Bibi Siaunofo, kama mabibi wote wa huko, ataanza na ukurasa huu kabla ya matangazo ya vifo. Kabla ya hapo keti mbele yake mkekani umwambie, "Mama, hospitali haikulala. Nililala mimi. Jicho lilikuwa jeupe, mtoto anakariri, na ndani palikuwa panaungua." Atafoka. Mwache afoke, usijitetee hata neno moja. Akimaliza, mwombe mvuke naye safari ijayo, na mwombe daktari amweleze yeye uso kwa uso alichokiona kwenye mashine, maana bibi aliyeshirikishwa atalinda tarehe za hospitali kuliko wewe, na ukijaribu tena kukosa feri atakuburuta.

Na wewe Petaia, najua unasomewa. Hilo la "mtii mama" limekaa vizuri mdomoni mwako kwa sababu si wewe unayeshika kichupa. Ijumaa hii sindano ya mwanao ni zamu yako kusimama pale, umshike mkono, na Jumamosi uoshe ndoo.

Wengine mnaosoma, kama una mtoto mwenye goti lililovimba asubuhi na likakaa wiki kadhaa, nenda hospitali, na wakisema ni baridi yabisi uliza siku hiyo hiyo habari ya macho. Usingoje wekundu wala maumivu. Ubao wa shule hautoshi, mashine ndiyo inayoona ndani.

Mama Salafai, Jumapili Nyeupe mpe mwanao karatasi ambayo hajawahi kusikia mtu akiisoma, asimame aisome mbele ya kanisa zima. Bibi yake atoe ushuhuda, amshukuru Mungu, aupambe atakavyo, nanyi mwitikie amina mpaka paa litikisike. Ijumaa inayofuata mchome sindano. Mungu hatanuna.