Barua ya Balozi kwa Danieli

Jumatatu, 2 Juni 1975
Ofisini Kilosa tangu saa moja. Wanne wametoka kifungoni, ni juu ya ofisi yetu kuwatafutia pa kwenda. Watatu nimewaandikia kwenda kwa mabalozi wao, wameondoka. Kazi ile ile ya kila siku. Bila barua ya balozi wa nyumba kumi hupati kadi ya Chama. Bila kadi huna shamba wala kibarua, na mgambo wakikukuta barabarani wewe ni mzururaji. Unarudishwa ndani.

Wa nne ni Danieli Senyagwa, miaka sita kwa wizi wa ng'ombe. Kibali chake cha kutembea kinaisha Jumapili. Msimamizi wa barabara Mikumi amekubali kumwajiri akienda na barua. Nikamwambia ni jambo dogo, kesho tunalimaliza. Mdomo wangu huu!

Jina lake linanisumbua. Nimewahi kuliandika mahali.

Jumanne, 3 Juni
Garimoshi hadi Kidete. Kijiji chao cha mlimani hakipo tena, Operesheni Vijiji iliwateremsha wote mwaka jana. Danieli anatazama nyumba zilizopangwa mstari, hajui mlango wa kwao ni upi.

Balozi kafungua daftari. Danieli Senyagwa yupo! Ana kadi, ana shamba. "Huyo pale, anapukuchua mahindi," kasema. Kijana wa miaka ishirini na kitu. Ni mpwa wake Danieli, mtoto wa dada yake.

Kumbe walishamlilia zamani. Walipoondoa matanga, mpwa alirithi jina. Ndiyo desturi yao. Sisi tuliozaliwa kambi za mkonge hatuna hiyo. Alikabidhiwa shoka na kigoda cha mjomba, na tangu siku ile yeye ndiye Danieli. Hata bibi, mama mzazi wa Danieli wangu, anamwita "mwanangu".

Danieli kapiga magoti mbele ya mama yake. "Shikamoo, mama." Karudia. Bibi kageukia ukutani. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikauliza habari za kifo zilitoka wapi. Balozi kanitazama. "Barua ilitoka ofisini kwenu, mama."

Jumatano, 4 Juni
Nimeipata nakala. Mwandiko wangu.

Orodha ya waliofariki gerezani ilikuja na namba na jina moja tu: Danieli, wa Kilosa. Kulinganisha namba ilikuwa kazi ya nusu saa. Ilikuwa Ijumaa, nilikuwa na harusi Morogoro, basi lilikuwa linaondoka saa nane. Nikaandika kwa ndugu wa Danieli wa kwanza niliyemkuta kwenye daftari. Aliyekufa alikuwa mwingine. Nimemzika mtu mzima kwa ajili ya pilau.

Sijamwambia. Analala stoo ya ofisi na kila nikiingia ananishukuru.

Alhamisi, 5 Juni
Kwa katibu kata. Danieli mmoja, kadi moja, ndivyo alivyosema. Nikapandisha sauti, akanifukuza. Nimejaribu Kilangali, wana kazi za shamba. Hawapokei mtu asiye na barua ya alikotoka. Tindiga, jibu ni hilo hilo.

Mgambo wamefanya msako sokoni. Wamebeba kumi na moja. Danieli alikuwa chooni. Amenusurika kwa choo!

Ijumaa, 6 Juni
Hakuna. Hakuna kabisa. Danieli kaniuliza kama akijirudisha mwenyewe gerezani watampokea. Anasema kule kila mtu anamjua kwa jina.

Nimelia kama mtoto.

Jumamosi, 7 Juni
Tumerudi Kidete. Nimeomba wazee wakae, nikasimama, nikasema yote. Orodha, namba, harusi. Mtu mmoja nyuma kaniita muuaji. Danieli alinigeukia. "Kumbe ni wewe, dada." Basi. Afadhali angenitukana.

Mpwa, maskini, kainuka na kigoda akakiweka mbele ya mjomba wake. "Chukua, mjomba." Hapo bibi kapiga ukunga. Ndipo nikaelewa. Alimtambua mwanawe tangu Jumanne! Ila kwao jina likishavikwa mtu halivuliwi akiwa hai. Akivuliwa, anakufa. "Nimelia matanga mara moja," kasema. "Sitalia tena, si kwa huyu wala kwa yule." Angemwitikia mmoja, angemuua mwingine.

Baraza likataka kuvunjika. Siku moja tu imebaki. Mwishoni bibi kasema jina la marehemu baba yake mwenyewe, Madelemu, halijachukuliwa na mtu.

Balozi kaanza kutafuta kalamu.

Jumapili, 8 Juni
Tumelala kwa katekista. Baada ya ibada bibi kamnyunyizia Danieli unga kichwani, kumvika jina jipya. Wazee wakaitikia. Balozi kaandika: Madelemu, mwenyeji wa hapa, tunamfahamu.

Cheti cha kufunguliwa kinasema Danieli Senyagwa. Mgambo wa Mikumi wangemla mzima. Nimeandika maelezo kwamba ni mtu mmoja, kosa ni langu, nikatia sahihi na jina langu kamili. Bwana mkubwa ataiona nakala. Akinifukuza na anifukuze.

Nimelinganisha namba ya cheti mara tano.

Jumatatu, 9 Juni
Stesheni ya Kidete, asubuhi. Baridi kidogo kutoka mtoni. Mpwa kabeba mkoba wa mjomba wake. Barua iko mfukoni, ameifunga kwenye karatasi ya nailoni.

Bibi kaja na mahindi ya kuchemsha. Nikafurahi. Nilijua sasa atamwitikia. Danieli akaanza kuinama, kafungua mdomo, lakini bibi alimwahi. Kapiga goti yeye, mzee vile, kwenye kokoto.

"Shikamoo, baba."

Aliyevikwa jina la baba yake ni baba yake sasa. Jina ndilo linalosalimiwa. Siku saba Danieli alikuwa anatafuta mama amwitikie. Garimoshi lilikuwa limeshaingia, watu wanatusukuma, na bibi hajainuka, anangoja.

"Marahaba, mwanangu," Danieli kasema. Sauti ndogo sana.

Akamshika mkono, akamwinua. Tukapanda. Kilosa nimemtia kwenye basi la Mikumi, kisha nimerudi ofisini.