Mto Wenye Mshono Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Kliniki. Mtoto katimiza miezi mitatu, kaongezeka nusu kilo — hongera yangu! Kina mama tumejaa mabenchi, nesi kasimama mbele na mwanasesere kwenye kitanda kidogo. Mtoto alale chali, anasema. Godoro gumu. Mto hapana, midoli hapana, blanketi zito hapana: vinaweza kumziba pumzi. Kisha akainua mto juu, tuone kitu asichotaka kukikuta vitandani mwetu. Picha ya sungura wa njano, kona zenye lesi. Mshono wangu! Mimi ndiye niliyeushona, kule karakana ninakofanya kazi. Nikainamisha kichwa, nikajifanya nafunga nepi.

Jumanne, 4 Machi
Nimeuondoa mto kitandani kwa mtoto. Mama mkwe kaja juu. Yeye kalea sita, wote kifudifudi, wote kwenye mito, na wote wanapumua hadi leo. Eti kichwa cha mjukuu wake kitakuwa bapa kama sinia. Mume wangu akatazama dari. Ndio msaada wake huo. Nikasema huyu nimemzaa mimi, atalala chali. Mama hanisemeshi tangu asubuhi. Shauri yake!

Alhamisi, 6 Machi
Karakana ya kushona. Oda mpya: seti hamsini za mito ya watoto. Nikamwambia bosi sishoni, kliniki wameikataza. Mapazia nitashona, mashuka nitashona, hata magunia. Mito ya vichanga — hapana! Akacheka. Akauliza tangu lini kliniki ina cherehani. Nikamwambia mto wetu nimeuona mkononi mwa nesi, na hakuwa anausifia. Kicheko kikakatika. Kanipa hadi Jumamosi nifikirie. Nimeshafikiria.

Jumamosi, 8 Machi
Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya karakana. Mwandiko unakwenda mbio. Si woga. Haya, woga kidogo.

Asubuhi kaja mteja, mimba ya miezi minane, kashika seti ya sungura, anapapasa lesi. Bosi anasifia: laini, salama, kila mama anachukua. Mteja akanigeukia.

"Na wewe dada, wa kwako unamlaza na hii?"

Bosi akanikazia macho.

"Simlazi," nikasema. "Analala chali, godoro tupu. Na hizi nimezishona mwenyewe."

Nikaambiwa nitoke, ningoje hapa. Mlango umefungwa, ila dirisha liko wazi. Bosi anabembeleza: huyo usimsikilize, uzazi umemchanganya. Sasa sauti ya mteja, taratibu kabisa:

"Muite. Nataka anieleze yeye."