Chumba cha Shangazi Kimejaa Vitunguu

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
18 Novemba, 1956.

Mpendwa Kaka Saif,

Shikamoo. Kabla sijakujulia hali, nikupe kituko cha mpwa wako. Sasa hivi Zeina amechukua kanga ya marehemu Shangazi Kidawa, akalifunika gunia la vitunguu hapa ukumbini, akanigeukia na kidole mdomoni: "Mama, usipige kelele, bibi amelala." Nimecheka, kisha nikaenda jikoni nikalia. Ndipo nikashika kalamu.

Haya, u mzima? Wifi Badriya na watoto hawajambo? Kifua chako je, moshi wa gari la reli haukusumbui? Sisi huku tu wazima wa mwili, roho ndiyo haijatulia.

Kaka, jambo lenyewe ni ule wasia. Unakumbuka Shangazi alipozidiwa, wewe ungali karakana ya reli hapa Gerezani, hujahamishiwa Tabora. Alikuita wewe na Mzee Hamud wa duka la pembeni, akasema mkisikia wenyewe: chumba hiki cha kwanza mkono wa kulia, pamoja na pembe ya baraza ninapokaangia vitumbua, ni vyangu mimi Tatu niliyemuuguza. Vyumba vitano vilivyobaki amwachia mrithi wake, nduguye, Baba Mdogo Sadalla. Tena akamfanya huyo huyo Baba Mdogo kuwa wasii, asimamie neno lake mpaka litimie. Naye akaitikia kwa sauti, "Inshallah, dada, utalala salama."

Sasa tazama. Tulipomzika akasema tungoje arobaini. Arobaini ikaangukia Ramadhani, akasema mwezi mtukufu mali haigawiwi. Idi ikapita, akasafiri Kilwa. Aliporudi, tungoje Maulidi. Maulidi yamesomwa, pilau tumekula, hata harufu ya ubani haijaisha, mimi nikatoka asubuhi kwenda Feri kutafuta samaki. Narudi nakuta kitanda changu kiko ukumbini na chumba kina kufuli jipya. Amempangisha tajiri wa vitunguu wa sokoni! Baadaye ndani hapakutosha, magunia yakatufuata huku huku tunakolala. Nywele za mtoto zinanuka vitunguu hata nikimwogesha mara mbili.

Nilimwendea kwa adabu, nimejitanda, nimepiga magoti. Unajua alinijibu nini? "Si siku ya kuanua matanga ulichukua doti ya kanga za marehemu? Basi umeshapewa chako. Unataka nyama, mchuzi na sufuria?"

Kaka, wewe si mgeni wa mila zetu. Nguo za marehemu hugawiwa waliomuuguza, wapate kumkumbuka. Nilizipokea nikilia, sikujua kama napokea urithi! Benedikta, mpangaji wetu wa uani, hakuweza kunyamaza. Akamwuliza, "Mzee, hizo kanga zina mlango na dirisha?" Watu wakaangua kicheko. Mimi sikuweza.

Baba Zeina naye, ambaye hulala kazini kwake, anasema nivumilie, mtoto hamshitaki baba yake, tutachekwa Kariakoo nzima. Na waache wacheke. Mvua hizi za vuli zinaingia ukumbini na Zeina ameanza kukohoa. Nimechoka kuambiwa nivumilie na watu wanaolala pakavu.

Basi nikajikaza nikaenda barazani kwa Liwali, mimi wa darasa la nne. Karani alinisikiliza vizuri. Akaniuliza kwanza kama wazee wa ukoo wamekaa kutupatanisha. Nikamwambia wamekaa, na Baba Mdogo hakutokea. Akasema basi Liwali anaweza kumwita, atoe hesabu ya usimamizi wake na kuamriwa aufuate wasia. Akizidi kukaidi, huondolewa akawekwa wasii mwingine. Kaka, mimi sikujua kuwa wasii huondolewa! Nilidhani akishashika ameshika. Bwana Kantilal wa duka la nguo naye alimwuliza wakili anayemfahamu, na wakili kasema vivyo hivyo: nianze kwa Liwali, korti kubwa ni safari ndefu.

Karani akauliza tena kama mimi ni mrithi, maana mrithi haachiwi wasia. Nikasema siyo, mimi ni binti wa kaka yake tu. Akaongeza kuwa wasia usizidi theluthi ya mali. Chumba kimoja katika sita hakifiki theluthi, hilo hata mimi nalijua.

Lakini wasia wetu ulikuwa wa mdomo. Wanataka mashahidi wawili waliosikia. Mzee Hamud yuko tayari, ila ameniambia, "Mwanangu, shahidi mmoja ni mguu mmoja, hautembei." Mguu wa pili ni wewe.

Jana tarishi amempelekea Baba Mdogo wito. Shauri ni Jumatatu ya wiki ijayo, siyo kesho. Nakuomba, kaka, omba ruhusa kazini, una pasi yako ya gari. Wakikukatalia kabisa, nenda kwa Kadhi wa huko uape, ushahidi wako uandikwe uletwe. Karani anasema yawezekana, ila mwenyewe ukisimama ni bora zaidi. Najua Baba Mdogo ndiye aliyekupa nyumba ya kukaa ulipokuja mjini, na haya zitakushika. Mimi pia zinanishika. Lakini Shangazi hakukuita uone haya, alikuita usikie.

Barua hii anakuletea Isidori, mume wa Benedikta, anayefanya kazi kwenye gari la moshi. Mpe jibu arudi nalo.

Nisalimie Wifi Badriya, unibusie watoto, na mama mkwe wako Bi Mkubwa mwambie vitumbua vyake vinamngoja, aje avile hapa hapa barazani. Mungu akufungulie njia na akuweke pakavu. Mimi mdogo wako nisiyekusahau,

Tatu.

Nyongeza: Sijaifunga bado. Benedikta ananiita, "Tatu, njoo upesi!" Mkokoteni umesimama mlangoni, Baba Mdogo mwenyewe anafungua kufuli. Sijui wanaingiza magunia au wanayatoa. Zeina kashika kanga yake, hataki gunia la bibi liguswe. Kaka, hata wakiyatoa yote, wewe njoo, maana nataka neno la Shangazi lisemwe mbele ya Liwali na watu wote.