Madoa ya Magotini

Jumatatu, 4 Novemba

Nimefua sare tena. Madoa ya magotini hayatoki. Udongo wa Kishanda ni mwekundu na mkaidi. Mvua imenyesha tangu mchana, kwa hiyo sare nimeianika kwenye kiti karibu na mafiga ya Ma Pelagia, mama mwenye nyumba wangu. Kesho nitanuka moshi. Si mara ya kwanza.

Zahanati leo: vidonda, chanjo za watoto, vipimo vya malaria. Asubuhi niliwaamkia wazee wote kwenye benchi kama nilivyolelewa, magoti chini, mmoja mmoja, mpaka kila mmoja amalize kuniuliza baba hajambo, migomba haijambo, huko Bukoba mvua inanyesha. Sista Adventina, muuguzi mfawidhi wetu, alisimama mlangoni akinitazama. Akauliza nimekuja kufanya kazi au nimekuja kuolewa. Benchi zima likacheka. Nami nikacheka. Lakini foleni ilikuwa ndefu na niliyeichelewesha ni mimi. Hilo sibishi.

Jumatano, 6 Novemba

Shangazi Konsolata amepiga simu. Amepata fremu ya duka Muleba mjini, karibu na stendi. Anataka kufungua duka la pili la ushonaji, na anataka nilisimamie mimi. Jibu analitaka kabla mwezi haujaisha, maana mwenye fremu ana watu wengine wanaomfuata.

Mwisho wa mwezi ndio mwisho wa fildi yangu pia, mafunzo ya vitendo ya chuo. Baada ya hapo ni mwaka wa pili wa uuguzi, au cherehani.

Sijui. Kushona nakupenda kweli. Nimekulia chini ya meza ya Shangazi pale Kashai nikiokota vipande vya vitenge, na nilijua kutia uzi kwenye cherehani kabla sijajua kuandika vizuri. Kitambaa hakisubiri kwenye foleni. Ukikosea unafumua. Uuguzi niliuchagua mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha, lakini mwaka mzima chuoni wakufunzi wamekuwa wakisema neno lile lile: Devotha, uko taratibu mno.

Nimemwambia Shangazi nitafikiri. Amesema nifikiri haraka. Hata yeye.

Ijumaa, 8 Novemba

Senene wameanguka. Kijiji kizima kina furaha. Jioni tumekaa barazani na Ma Pelagia tunawanyonyoa mabawa na miguu, sufuria katikati yetu. Yeye ni Mlutheri, mimi Mkatoliki, kila Jumapili tunaachana njia panda kama watu waliogombana, halafu mchana tunakula ndizi na maharage kwenye sahani moja. Amenitania kwamba vidole vyangu ni vya senene, si vya sindano, maana nanyonyoa mmoja mmoja bila kuacha hata bawa moja.

Nimeshiba. Nina raha. Sitaki kufikiri juu ya fremu.

Jumatano, 13 Novemba

Siku mbaya.

Kijana mmoja alikuwa amejikata mguu kwa panga akipalilia migomba. Sista alinituma nilete trei ya vifaa, vilivyochemshwa, vimefunikwa, tayari. Niko katikati ya korido, nimeishika trei kwa mikono miwili. Akaingia Ta Kaijage. Mzee huyu alimjua babu yangu. Walikunywa rubisi, pombe ya ndizi, pamoja ujana wao wote, na tangu nifike hapa huniita mke wake, kwa utani wa babu na mjukuu.

Sikufikiri. Ningefikiri nisingefanya. Niliiweka trei sakafuni, nikapiga magoti, nikamwamkia. Naye akaitikia yote, pole pole, mpaka mwisho, kama inavyotakiwa. Niliponyanyuka Sista Adventina alikuwa nyuma yangu, na kitambaa cha kufunikia trei kilikuwa kimeteleza. Mkasi uko juu ya saruji.

Kila kitu kikarudi kuchemshwa. Kijana wa watu akakaa na mguu wake umefungwa kanga ya mama yake mpaka vifaa vikawa tayari. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Sista hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alinipeleka nyuma, kwenye tangi la maji, akasema, "Mikono yako inafuata magoti, Devotha. Kuanzia leo sitaki kukuona umepiga magoti hapa. Na ufikiri vizuri kama hii ndiyo kazi yako."

Nimelia. Kisha nikanawa uso, nikarudi kushika taa wakati anashona ule mguu. Anashona vizuri. Nyuzi zake zinalingana kuliko zangu.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimesimama wima siku nzima. Shikamoo kwa kuinama kidogo, basi. Foleni imekwenda haraka, kweli kabisa.

Wazee wananitazama kama mtoto aliyesusa. Mimi mwenyewe najiona hivyo.

Jumamosi, 16 Novemba

Mapazia ya chumba cha kujifungulia yalikuwa yamechanika. Nimeyachukua nyumbani, nimeyashona kwa mkono barazani tangu asubuhi. Hakuna aliyeniagiza. Nilitaka kufanya kitu nisichoweza kukiharibu.

Nikiwa nashona nimejiona niko Muleba, kwenye fremu, redio imewashwa, wateja wananiletea magauni ya harusi. Ni maisha mazuri. Sioni aibu kuyataka. Ningekuwa na duka, na mchana ningekula kwa wakati. Nikikosea hakuna atakayekaa na mguu unatoka damu.

Nadhani nitamwambia Shangazi ndiyo. Nimelisema kwa sauti hapa barazani, kujaribu. Kuku wa Ma Pelagia hawakujali.

Lakini sijampigia.

Jumatano, 20 Novemba

Naandika polepole ili nisiharibu.

Leo ilikuwa kliniki ya wajawazito. Benchi limejaa, wengine wamekaa kwenye majani chini ya mparachichi. Kazi yangu kukusanya kadi. Nikamfikia mama mmoja mtu mzima sana, amevaa kitenge cha kanisani, amemsindikiza mkwe wake, Anitha, mimba ya kwanza. Mama yule alininyooshea mikono yote miwili huku ananiita mwana wange, mwanangu. Sista alikuwa ndani. Kadi za kwanza nilikuwa nimeshazipeleka. Mikono yangu mitupu. Magoti yakaenda yenyewe. Nimevunja amri, nakiri.

Ukipiga magoti mbele ya benchi, macho yako yako kwenye miguu ya watu. Hakuna mtu anayeangalia huko akiwa amesimama. Mama yule alikuwa na viatu vyake vya Jumapili. Pembeni yake Anitha alikuwa amevaa kandambili za kiume, kubwa, na bado mikanda imezama kwenye nyama. Nikauliza viatu vyake viko wapi. Mama mkwe akajibu kwa fahari kwamba havimwingii tena, na hizo ni za mwanawe. "Tunamlisha vizuri, waitu, jamani. Angalia alivyonenepa, hata uso umejaa."

Niliomba ruhusa nikabonyeza juu ya kifundo cha mguu. Kidole kikaacha shimo. Shimo halikurudi.

Miguu ya wajawazito huvimba. Hilo tulisoma, na nilijiambia hivyo, na nilikuwa karibu kunyamaza kwa sababu kuinuka na kwenda kumwita Sista kulikuwa ni kumwambia nilikuwa magotini. Nikamtazama Anitha usoni. Kope zimevimba. Nikamuuliza kichwa. Kinauma tangu jana. Macho je? Akasema anaona vimulimuli, hata sasa, mchana kweupe. Alisema kwa sauti ndogo, kama anaomba radhi.

Nilikwenda. Sikutembea taratibu. Sista alipima presha, akapima tena. Mkojo ulikuwa na protini nyingi. Tukamlaza, Sista akamchoma sindano ya kuzuia kifafa cha mimba, mimi nimemshika mkono Anitha na mkono mwingine namshika mama mkwe, aliyekuwa anarudia kwamba walimlisha vizuri, walimlisha vizuri. Nilimwambia ndiyo, mama, mmemlisha. Si chakula. Gari la wagonjwa lilifika kutoka Muleba, likawachukua.

Kisha Sista akageuka akayatazama magoti yangu. Mekundu yote mawili. Tukaendelea na foleni.

Tuseme ukweli ulivyo: Anitha angefika tu kwenye mashine ya presha. Alikuwa nyuma kwenye foleni, lakini angefika. Sijamwokoa mtu peke yangu.

Alhamisi, 21 Novemba

Hospitali wamepiga simu. Wamemfanyia upasuaji. Mtoto wa kike, mdogo lakini analia vizuri. Anitha bado presha inashushwa, ila anaongea, na ameulizia kandambili za mumewe.

Nimecheka peke yangu stoo ya dawa. Nimefurahi mno. Sina neno jingine.

Ijumaa, 22 Novemba

Sista ameniita. Nilijua ni suala la magoti. Ndilo lilikuwa.

Alisema, "Ukiwa na kitu mkononi, unasimama, hata kama anaingia askofu. Mikono ikiwa mitupu, magoti ni yako." Kisha akasema kuanzia sasa kliniki ikianza nikae mimi kwenye benchi, niwaamkie wote kabla hawajaingia, na nimwambie ninachokiona. Aliongeza kwamba nisijifanye bingwa, bado niko taratibu kuliko konokono wa mgombani.

Nimekubali. Nimesema asante Sista, wima.

Jumatano, 27 Novemba

Benchi la leo. Nimeona miguu iliyovimba kila mahali. Nimemkimbilia Sista mara nne, na mara zote nne presha ilikuwa nzuri, akina mama walikuwa wametembea mbali kwenye jua, basi. Mara ya nne Sista ameuliza kama nataka kuwavua viatu na wachungaji pia. Wajawazito wakacheka mpaka wakashika matumbo.

Lakini mmoja aliniambia kitu ambacho hakukisema ndani wiki zote: kwamba mtoto amepunguza kucheza. Aliniambia kwa sababu niko chini, nadhani. Kwa mtu aliye chini watu wanaongea kwa sauti ya chini. Sista alisikiliza moyo wa mtoto, uko sawa, lakini amemwambia arudi keshokutwa, na akirudi aniulizie mimi.

Aniulizie mimi. Nimelirudia neno hilo njia nzima kurudi nyumbani.

Bado sijampigia Shangazi. Naogopa kumuumiza. Yeye ndiye aliyenipa kila nilicho nacho mikononi.

Ijumaa, 29 Novemba

Siku ya mwisho. Mapazia nimeyatundika. Ta Kaijage amekuja kuniaga, na mimi nilikuwa na trei. Nilisimama. Nilimwamkia nimesimama, trei nimeishika, shingo nimeinamisha. Akanisubiri. Nilipoiweka mezani nikarudi, nikampigia magoti yake. Amesema mke wake ameanza kupata akili.

Ma Pelagia amenifungia senene waliokaangwa na kahawa ya kutafuna, vimefungwa kwenye jani la mgomba. Nimemkumbatia mpaka akanisukuma.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimefika Bukoba mchana. Sikwenda kwanza nyumbani Nshambya. Nilichukua bodaboda moja kwa moja hadi Kashai, kwa Shangazi, nimalize.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Shangazi, unajua ninavyokupenda. Shangazi, duka ni wazo zuri. Nilikuwa na maneno mazuri sana.

Alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti chake, nyuma yake cherehani zinaimba, mkanda wa kupimia umening'inia shingoni. Nikapiga magoti, nikamwamkia. Akaitikia. Aliniuliza safari, aliniuliza Kishanda. Nikawa najibu, nadhani nilijibu vizuri. Kisha akaacha kuuliza.

Nilikuwa nimeshika kifundo chake cha mguu. Viatu vyake vimefunguliwa kamba, na pembeni amevipasua kwa wembe ili mguu uingie. Nilikuwa nimeshabonyeza. Nilikuwa nimeshamuuliza tangu lini, na kama usiku analala au anaamka amebanwa na mkojo, na mara ya mwisho alipima presha lini.

Shangazi akauondoa mkono wangu pole pole, akaushika.

"Basi, mwanangu," alisema. "Fremu nitaitafutia mtu mwingine. Nimeshajibiwa."

Maneno yangu mazuri sikuyatumia hata moja.

Jumapili, 1 Desemba

Misa ya kwanza. Kisha kwa Shangazi, kumsaidia kupika. Amekubali twende hospitali kesho asubuhi kupima, amenung'unika, lakini amekubali.

Mchana ameniachia cherehani yake mwenyewe, ile asiyompa mtu. Nimetoa sare. Nimekata vipande viwili vya kitambaa kizito, nimevishonea kwa ndani, pale magotini, mshono mdogo mdogo ili kwa nje usionekane. Madoa yamebaki. Nimeyaacha.

Shangazi ameupitisha mkono juu ya mshono, akasema umekaa vizuri. Alikuwa ameweka miguu juu ya kigoda, bila viatu.