Kura Zilizobaki Kwenye Kiondo

Alhamisi, Mumbuni

Bado zimekunjwa. Karatasi zote arobaini nilizokata kwa mkono wangu, nusu A nusu B, ziko humu kiondoni vile nilivyompa Mutua, msaidizi wangu wa utafiti. Hakuna mkulima aliyechota hata moja kujua kundi lake.

"Lakini madam, waliofika mapema niliwapa A, wapate yale mafunzo ya kutuliza mawazo. Wa kuchelewa wakakaa B bila mafunzo. Sasa mtu akirauka utamnyima?" Mutua akajitetea.

Waliochelewa wametoka mbali, Katangi, wamechoka hata kabla ya swali la kwanza. Waliorauka ni majirani wa hapa, wamelala vizuri na wamekunywa chai. Sasa nimepima nini, mafunzo ama safari?

Nikampigia mwalimu anayenisimamia. "Andika tu waligawanywa kwa kura. Nani atajua?"

Mtu mzima, na miwani yake!

Lakini anayenichukiza zaidi ni mimi. Jana, kabla sijafungua hiki kiondo, niliona A wametulia kuliko B, nikapiga magoti nikamshukuru Mungu. Na leo, baada ya ile simu, sijamwambia mwalimu hapana.