Makena hakwenda kushoto

Jumapili jioni, hapa mtaani Majimbo. Manyunyu hayajakatika tangu asubuhi na nguo nilizoanika jana bado ni mbichi. Nimekunywa chai vikombe vitatu.

Leo timu ya mdogo wangu Makena ilicheza mechi ya pili ya nusu fainali kule Nairobi. Mchujo ni wa mechi tatu, anayeshinda mbili anaingia fainali, na ya kwanza walikuwa wameshapoteza. Wakishindwa leo, msimu umeisha. Mnaonisoma hapa mnajua huwa nachambua mpira wa kikapu kama mtu asiye na ndugu uwanjani. Leo nimeshindwa.

Robo ya kwanza tulicheza vizuri. Makena ndiye anayepandisha mpira na kupanga mashambulizi. Wapinzani walimwachia nafasi, wakitaka arushe kutoka mbali. Akarusha, zikaingia. Mama, ambaye amekuja kutoka Ruiri kwa kliniki yake ya presha, alikuwa kando yangu kwenye kochi, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya chai. Kila Makena alipogusa mpira, Mama aliacha kuchambua maharagwe.

Robo ya pili kocha wao akabadilisha mambo. Alimleta msichana mmoja mrefu amkabe Makena peke yake, tena amzibe upande wa kulia tu. Kushoto kukabaki wazi kabisa. Mchezaji kama Makena akiona uwazi ule anapita bila kufikiri. Hakupita. Alifika pale mara tatu, mara nne, akasimama na kurudisha mpira nyuma. Mtangazaji akasema dada huyu ana subira.

Ukitaka kwenda kushoto lazima ujisukume kwa mguu wa kulia. Goti la kulia ndilo Makena alilofanyiwa upasuaji mwaka juzi.

Na mimi nilijua.

Wiki mbili zilizopita alinipigia akaniambia goti limeanza kuvimba tena baada ya mazoezi. Analiwekea barafu chumbani, anameza dawa za maumivu, anavaa suruali ndefu ili daktari wa timu asilione. Mkataba wake unaisha msimu huu na anaogopa hawatamwongezea. Akaniomba nisimwambie mtu, hasa Mama. Nilikubali upesi sana. Nimejiuliza kwa nini, na jibu linaniaibisha: nilitaka tufike fainali.

Wakati wa mapumziko Mama aliweka ungo chini.

"Kinya, huyu mtoto anachechemea."

"Amechoka tu, Mama."

"Mimi nimefuga ng'ombe tangu niolewe. Akikanyaga hivyo simtoi nje, naita daktari. Wewe ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

Nilimjibu nikiangalia simu.

Robo ya tatu niliitazama kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. Tuliachwa nyuma, kwa sababu Makena alikuwa anatoa pasi mapema mno, kabla wenzake hawajafika mahali pao. Robo ya nne akafanya jambo la akili: akamwachia mwenzake kazi ya kupandisha mpira, yeye akakaa pembeni na kurusha akiwa amesimama. Siku nyingine ningeandika kurasa mbili kuhusu uamuzi huo. Polepole tukawakaribia.

Sekunde za mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi moja, mpira ukarudi mikononi mwake, na kushoto bado kuko wazi. Nilisimama. Nilijisikia nikisema, "Usiende." Mimi, shabiki wake nambari moja.

Akaenda. Walinzi wawili wakamrukia, naye akiwa hewani akaudondosha mpira kwa mwenzake chini ya kikapu. Ukaingia. Tumeshinda kwa pointi moja. Mechi ya tatu, ya kuamua, ni Jumamosi.

Wenzake walikuwa wanakumbatiana na yeye bado yuko sakafuni. Halafu akainuka, akatabasamu mbele ya kamera, akatembea polepole hadi kwenye benchi bila kukunja mguu. Mama hakupiga makofi.

Hapo ndipo nilipomwambia yote, barafu, dawa, suruali na ahadi yangu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo mlikuwa mnanificha nyinyi wawili," akasema. Akanisukumia simu. "Mpigie."

Makena alipokea wakiwa wanaimba katika chumba cha kubadilishia nguo. Nilimwambia amwonyeshe daktari goti leo, la sivyo nitampigia kocha mwenyewe.

"Si ungengoja tu Jumamosi ipite," akasema.

"Nimengoja wiki mbili."

"Nilikuambia wewe kwa sababu nilijua hutasema."

Akakata. Nilipiga tena mara mbili, hakupokea.

Saa nzima baadaye ujumbe ukaingia. Daktari ameliona. Kesho asubuhi anapigwa picha hospitalini. Kocha alimuuliza lilianza lini, naye akamwambia ukweli. Jumamosi hachezi, na baada ya hapo hajui. Mwishoni ameandika: "Usinipigie leo."

Mama aliniambia nimsomee mara mbili. Kisha akampigia jirani wa Ruiri, wakaongea Kimeru, akamwomba amkamulie ng'ombe hadi Jumatano. Kesho haendi nyumbani, anaenda Nairobi. Hakuniuliza kama nitaenda naye, na sina uhakika Makena angependa kuniona.

Muda mfupi uliopita nimejikuta nikichora kwenye daftari namna timu inavyoweza kupandisha mpira Jumamosi bila yeye. Nilikuwa nimefika mbali, hata nimeshachagua nani acheze nafasi yake. Nimeichana ile karatasi.

Najua nimefanya lililofaa. Najua pia nimelifanya nikiwa nimechelewa wiki mbili, na kama kano ya goti imechanika tena, ni katika hizo wiki mbili.

Asubuhi nitamsindikiza Mama hadi stendi, niende kazini, nishinde nikiangalia simu. Picha ikitoka Makena atamwambia Mama, na Mama ataniambia mimi.

Lakini siku nyingine akiumia, ataniambia?